Tumepiga kambi Engaruka na watoto tunaowasomesha nyumbani. Wenye mawe yale waliondoka kwa nini?

#1 MamaTatu
Wakuu, habari zenu.

Sisi ni familia ya Arusha, watoto watatu (miaka 13, 10 na 7), tunawasomesha wenyewe nyumbani. Historia tumeamua isiishie mezani. Tukapakia mahema, mtungi mdogo wa gesi, unga, maharage na dagaa, tukashika njia ya Makuyuni, Mto wa Mbu, Selela, mpaka Engaruka chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilaya ya Monduli.

Kwa asiyepajua: kuna mashamba ya kale yaliyogawanywa kwa mistari ya mawe, yanaenea kiasi cha kilomita za mraba 20. Mifereji ya kumwagilia imejengwa kwa mawe matupu, hakuna udongo wala saruji. Juu ya mteremko kuna vijiji saba, nyumba zilikaa kwenye ngazi zilizochongwa mlimani na kuzuiwa kwa kuta za mawe. Watu waliishi na kulima pale kuanzia karne ya 15 hivi mpaka karne ya 18, kisha wakaondoka.

Kijana wangu mkubwa alichukua pima maji ya baba yake, akafunga kamba ya mwashi kwenye vijiti viwili kufuata mfereji mmoja wa kale. Kwa kamba ya mita kumi mteremko ulikuwa kama vidole viwili. Alikaa chini akaniuliza, "Mama, hawa walipima na nini?" Sikuwa na jibu na bado sina.

Usiku kwenye hema wakaanza kubishana. Mkubwa anasema maji yalikauka. Wa kati anasema walivamiwa. Mdogo anasema walichoka kubeba mawe. Wajuzi wa humu, nyie mnasemaje? Nataka niwape hoja zote, wasibaki na ile moja ya mwongozaji.

#2 Mgosi wa Kaya
Bila picha uzi haunogi.

#3 Mwalimu Chaki
Hongera sana mama. Mimi ni mwalimu wa historia sekondari. Kwenye notisi nilizosomea, Engaruka ilikuwa sentensi moja: "walitumia kilimo cha umwagiliaji". Nimeirudia sentensi hiyo ubaoni kwa miaka, na mguu wangu haujawahi kukanyaga pale.

Kwa hoja yako: jibu tulilozoea kulifundisha ni la kijana wa kati, uvamizi wa Wamaasai. Karne ya 18 walikuwa wanaenea kusini, na wakulima wengi wa bondeni wakasukumwa.

#4 Ole Selela
Mwalimu #3, nilijua tu tutatajwa. Kila kitu kikipotea kaskazini hii amekula Mmaasai.

Fikiria hivi. Mfugaji anahitaji nafaka, vibuyu, tumbaku. Mkulima anahitaji ngozi, maziwa, mbuzi. Ukimfukuza mkulima mwenye maji na mtama utabadilishana na nani mwaka wa ukame? Sikatai kwamba kulikuwa na wizi wa ng'ombe. Ila kuhamisha mji mzima kwa wizi wa ng'ombe, hapo naomba ushahidi.

#5 Mwalimu Chaki
@Ole Selela basi nieleze kwa nini walijibana mlimani wakati bonde lote liko wazi. Mtu hujenga juu ya mteremko akiogopa jambo.

#6 Ole Selela
Au hujenga juu ili asikalie ardhi inayofikiwa na maji. Shamba lenye mfereji ni mali. Nani ataweka jiko lake hapo?

#7 FundiMfereji
Nakubaliana na #6. Nimefanya kazi ya skimu za umwagiliaji, na kanuni ni hiyo: nyumba inakaa juu ya mfereji, shamba linakaa chini yake. Hakuna haja ya adui.

Mimi niko upande wa kijana mkubwa. Ukitembea mashamba ya kaskazini utaona mifereji mingine inaanzia kwenye makorongo ambayo leo ni mchanga mtupu, maji yanapita mvua ikinyesha tu. Mto Engaruka ndio unaotiririka mwaka mzima. Hakuna mtu anayejenga mfereji wa mawe kwenye korongo kavu, kwa hiyo maji yalikuwepo, yakapungua. Hesabu ya fundi ni hiyo.

#8 MamaTatu
@FundiMfereji asante, hayo makorongo tumeyaona. Tulitembea kwenye moja asubuhi, wa kati akapata nyayo za nyani tu.

@Mgosi wa Kaya picha nitaweka, mtandao wangu leo unasuasua.

#9 Mzalendo Halisi
Samahani kwa kutoka nje ya mada. Watoto wa miaka 13, 10 na 7 hawaendi shule? Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto akitimiza miaka saba aandikishwe shule ya msingi. Haya mambo ya kusomesha nyumbani yanaruhusiwa lini?

#10 Mbongo Hamburg
#9 huku Ujerumani ndiyo kabisa, mtoto lazima aende shule, mzazi anayekaidi anapigwa faini. Binamu yangu yuko Minnesota, huko ni ruksa, na majimbo yote 50 ya Marekani yanakubali, kila jimbo na masharti yake. Kwa hiyo nchi na nchi.

#11 Kipchoge wa Tambach
Hata Kenya tuko na hiyo mjadala. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inasema mzazi ahakikishe mtoto ameandikishwa shule, na kuna wazazi wamefika mahakamani kutetea kufundisha nyumbani.

Lakini nilikuja kwa sababu ya mawe. Mimi ni Mkeiyo, jirani wa Wamarakwet, na kule Bonde la Kerio mifereji ya kutoka kwa ukuta wa Bonde la Ufa bado inatumika mpaka leo, imejengwa na mababu. Inapita kwa miamba, mahali pengine wanaishikilia kwa magogo na matawi. Ukoo fulani una mfereji wake, na siku ya kutengeneza lazima wanaume watoke. Engaruka ni ndugu ya Marakwet, ukuta ni huo huo wa Bonde.

#12 MamaTatu
@Mzalendo Halisi nakuelewa na swali ni la haki. Wanetu wanafuata mtaala wa mtandaoni, mitihani watakaa kama watahiniwa wa kujitegemea kwenye kituo. Sababu za kuanza ni kazi ya mume wangu, anahamishwa kila mara. Mkubwa alibadilisha shule mpaka akaacha kufungua mdomo darasani. Hili la sheria lina uzi wake, naomba huu tuuache kwa Engaruka.

@Kipchoge wa Tambach hilo la ukoo ni muhimu sana, endelea.

#13 Mjukuu wa Mangi
Kipchoge amenigusa. Sisi Wachagga tuna mifongo. Mfongo wa kwetu Old Moshi ulichimbwa na ukoo, una wazee wake, una zamu zake. Wewe maji yako ni asubuhi, wa bondeni ni alasiri. Mwaka ukianza wanapiga mbiu, kila nyumba inatoa mtu na jembe. Asiyetoka analipa, zamani alilipa pombe au mbuzi.

Sasa nisikilizeni. Mfongo usiposafishwa misimu miwili mitatu unajaa tope, kingo zinabomoka, maji yanapotea njiani. Mto haujakauka! Kilichokauka ni utii. Kwangu mimi Engaruka haikufa kwa ukame wala kwa mkuki. Ilikufa siku wazee walipokosa kusikilizwa.

#14 FundiMfereji
Mangi umesema vizuri ila umegeuza kichwa kuwa mguu. Wazee hukosa kusikilizwa maji yanapokuwa machache. Maji yakitosha kila mtu ni mtii.

#15 Mjukuu wa Mangi
Si kweli. Njoo uone ugomvi wa mfongo mwaka wa mvua nyingi.

#16 Mshana wa Usangi
Upareni tuna ndiva. Tunajenga bwawa dogo juu, linajaa usiku, asubuhi linafunguliwa kwa zamu. Ndiva ina mzee wake anayefungua. Nikiona hoja ya Mangi nasema ndiyo, na nikiona ya Fundi nasema ndiyo. Ndiva ya kwetu ilikufa kwa yote mawili, vijana walikimbilia mjini na chemchemi nayo ikapungua baada ya miti kukatwa.

Hapo naongeza hoja ya nne: miti. Mto Engaruka unatoka misitu ya nyanda za Ngorongoro. Watu wengi wakikata kuni na miti ya kujengea kwa karne tatu, vijito vidogo vinakufa kwanza.

#17 Dunia Duara
Mnazunguka bure. Watu weusi hawakujenga mawe namna ile. Lile ni jengo la wageni, Waarabu au hata watu wa kale wa Misri, wakaondoka kurudi kwao.

#18 Mwana wa Kilwa
#17 hapana. Mimi natoka Kilwa, najua mawe ya pwani yalivyo. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na Husuni Kubwa ni matumbawe na chokaa. Engaruka hakuna chokaa, hakuna msikiti, hakuna kaburi la nguzo. Vyungu ni vya hapo hapo. Waliochimbua walikuta mbegu za mtama zilizoungua. Mgeni gani huyo anaacha mtama na vyungu vya kienyeji halafu haachi kitu chake hata kimoja? Na hata hiyo Kilwa ni ya Waswahili wenyewe.

#19 Kipchoge wa Tambach
Na #17 atembee Migori aone Thimlich Ohinga. Kuta za mawe matupu, nyingine zinapita urefu wa mtu mara mbili, hakuna saruji. UNESCO iliiweka kwa orodha ya urithi wa dunia 2018. Ni watu wa huku walijenga.

#20 Mgosi wa Kaya
Sotoka je? Nilisoma ugonjwa wa ng'ombe ulimaliza mifugo yote Afrika Mashariki, watu wakafa njaa. Inaweza kuwa ndiyo iliyowaondoa.

#21 Mwalimu Chaki
@Mgosi wa Kaya sotoka ilifika miaka ya 1890. Mjerumani Gustav Fischer alipita Engaruka 1883 na akaandika kuhusu marundo ya mawe yaliyoachwa. Wenyewe walishaondoka kitambo kabla ya sotoka. Kwa hesabu hiyo hiyo Wajerumani nao hawahusiki, kuna mtu atakuja kuwataja.

#22 Msoma Matope
Mjadala mtamu, ngoja niongeze cha maabara. Wanasayansi walichimba tope la chini ya Ziwa Naivasha na kulisoma tabaka kwa tabaka. Ndani ya kipindi kirefu chenye mvua ya kutosha kulikuwa na ukame mkubwa mara tatu: kama 1380 hadi 1420, 1560 hadi 1620, na 1760 hadi 1840. Tazameni huo wa mwisho. Unagongana na wakati Engaruka ilipoachwa.

#23 FundiMfereji
Nilisema mimi!

#24 Msoma Matope
Polepole Fundi. Tazama na huo wa kwanza. Unagongana na wakati walipoanza au walipokuwa karibu kuanza. Maana yake huenda ukame ndio uliowafanya wajenge mifereji. Halafu ule wa kati, miaka sitini, waliupita wakiwa pale pale. Sasa kwa nini wa kwanza uwajenge, wa pili wauvumilie, wa tatu uwaangushe?

#25 Mjukuu wa Mangi
Kwa sababu wa tatu uliwakuta hawana wazee. Nilisema MIMI.

#26 FundiMfereji
Au kwa sababu wa tatu uliwakuta wamejaa. Shamba limefika mwisho, watu wameongezeka, hakuna akiba. Mfumo ukiwa umejaa, ukame mdogo tu unatosha kuuvunja.

Na Naivasha ni Kenya, mvua ya Naivasha si lazima iwe mvua ya Ngorongoro. Hilo nalisema japo linaniumiza mwenyewe.

#27 Binti Mbulu
Kuhusu "wamejaa": tuwe waangalifu na idadi. Louis Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alifika 1935, akakadiria watu elfu 30 mpaka 40. Namba hiyo bado inazunguka kwenye vipeperushi vya watalii. Alihesabu ngazi za nyumba na kuzijaza zote kwa pamoja. Waliokuja baadaye, kina Hamo Sassoon miaka ya 1960 na John Sutton baada yake, walishusha sana mpaka elfu chache, kwa kuwa nyumba hazikukaliwa zote wakati mmoja. Hata mashamba hivyo hivyo, unalima huku unapumzisha kule.

#28 Chumvi ya Kahe
Wakuu mmesahau chumvi. Mimi nalima Kahe, Moshi vijijini. Kuna kipande changu maji yanafika vizuri kabisa, lakini jua likikausha unaona weupe juu ya udongo, mahindi yanatoka ya njano na kudumaa. Maji ya kumwagilia yanaacha magadi kila msimu.

Sasa Engaruka iko bonde lile lile la Ziwa Natron na magadi yake. Karne tatu za kumwagilia kwenye joto lile! Udongo ulichoka. Hakuna vita, hakuna ukame, mavuno yanashuka kidogo kidogo mpaka mama anasema twende kwa mjomba.

#29 Msoma Matope
@Chumvi ya Kahe hoja nzuri, ila kuna jambo linaisumbua. Daryl Stump na wenzake walichimbua mashamba yenyewe wakakuta mengi yalitengenezwa kwa tope. Walijenga vizuizi vya mawe, wakaacha maji ya mafuriko yapungue kasi na kutua udongo, kisha wakapandisha kizuizi, wakatega tena. Udongo mpya kila mafuriko. Mtu anayejiletea udongo hivyo si rahisi kumwambia ardhi yake ilichoka.

#30 MamaTatu
Hii ya #29 nimewasomea wote watatu sasa hivi. Wa kati amechora kizuizi na tope linavyopanda ngazi kwa ngazi. Sasa nimeelewa kwa nini baadhi ya kuta za mashambani pale ni pana kupita mpaka wa kawaida.

Nami niongeze tulichoona. Kijiji cha sasa wanamwagilia mahindi, maharage na migomba kwa maji ya mto huo huo. Jioni tulikuta baba mmoja anageuza maji: ameziba mfereji kwa tope, mawe na vipande vya mgomba, akasubiri. Kabla shamba lake halijajaa akaja mwenzake na jembe begani, hakusema kitu, akasimama tu pembeni. Yule wa kwanza akatazama jua, akatoa mgomba, maji yakaenda kwa jirani. Mwanangu wa miaka 10 akaniambia "hii ndiyo historia?" Nikamwambia ndiyo. Hapo nilikuwa upande wa Mangi kabisa. Baada ya Naivasha sina upande.

#31 Mzalendo Halisi
Pamoja na msimamo wangu wa #9, hili la mfereji nimelipenda. Shule zetu zingepeleka watoto hivi.

#32 Mwalimu Chaki
#31 ndiyo maana inaniuma. Darasa langu ni watoto wengi mno, basi la kukodi peke yake linazidi uwezo wa wazazi. Sasa tuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili, kwa Kiswahili, nafasi ya kufundisha Engaruka kwa kina ipo. Kinachokosekana ni kufika. Naiga wazo la kamba na pima maji, tutapima mtaro wa nyuma ya shule.

#33 Mtemi wa Digodigo
Nimesoma kimya tangu #1. Mimi ni Mtemi, yaani wa kabila la Watemi, nyie mnatuita Wasonjo. Mnabishana walikwenda wapi wakati tupo.

Kwetu mifereji haijawahi kuachwa. Tuna wazee wa maji wanaoitwa wenamiji, cheo kinarithiwa, wao ndio wanaogawa zamu. Vijiji vyetu navyo viko kwenye miteremko karibu na chemchemi, mashamba yako chini. Watafiti wengi wameona tunafanana na Engaruka. Kwa hiyo "kupotea" ni neno la mtu asiyetujua.

#34 Mgosi wa Kaya
Mkuu, si ndiyo kule Samunge kwa Babu wa kikombe 2011?

#35 Mtemi wa Digodigo
Ndiyo hapo hapo. Mlipita kwa maelfu, foleni ya magari kilomita kwa kilomita, mkanywa kikombe mkaondoka bila kutazama mifereji.

#36 Binti Mbulu
Kaka Mtemi, pole pole na urithi. Sisi Wairaqw nasi tunatajwa. Leakey mwenyewe alisikia wenyeji wakisema waliojenga ni watu wa Mbulu. Nenda Kainam uone: mteremko mkali, shamba dogo, ng'ombe analala ndani, samadi inarudishwa shambani kila siku. Ukilima hivyo hutupi hata konzi ya samadi. Engaruka kuna maduara makubwa ya mawe katikati ya mashamba, na wapo wanaosema ni mazizi ya ng'ombe waliolishwa zizini kwa ajili hiyo hiyo.

#37 Mtemi wa Digodigo
Dada, Mbulu mnalima kwa mvua zaidi kuliko mfereji. Engaruka bila mfereji hakuna kitu. Mkono uliojenga mfereji ndio unaojua mfereji.

#38 Binti Mbulu
Mtu akihamia penye mvua anaacha mfereji. Kwa nini ayaburute mawe kwenda nayo?

#39 Ole Selela
Na wengine hawakuhama kokote. Waliuza mbuzi, wakanunua ng'ombe, wakaoa kwetu, leo wanaitwa Wamaasai. Mkulima aliyeishiwa maji huwa mfugaji, na mfugaji aliyeishiwa ng'ombe huwa mkulima. Nimeliona hilo kwa majirani zangu wawili kizazi hiki.

#40 Mwalimu Chaki
Ole Selela, kwa hilo nakupa alama zote. Lakini wizi wa ng'ombe bado sijaufuta kwenye orodha.

#41 Ole Selela
Usiufute. Usiuandike wa kwanza tu.

#42 Dunia Duara
Je volkano? Ol Doinyo Lengai iko pale pale.

#43 Msoma Matope
@Dunia Duara hoja halali. Lengai ililipuka Septemba 2007, majivu yakaendelea mpaka mwaka uliofuata, watu wa jirani walilazimika kuhama kwa muda na malisho yakaharibika. Kabla yake 1966 na 1967. Lakini ili hoja isimame inabidi tabaka la majivu lionekane juu ya mashamba yaliyoachwa, kwa umri unaolingana. Mlipuko peke yake hautoshi, watu wa pale walishaonja mingi wakarudi.

Na majivu yanahifadhi pia. Kusini mwa Ziwa Natron, Engare Sero, kuna nyayo za binadamu zaidi ya 400 ndani ya majivu yaliyogeuka jiwe, umri wake ni kati ya miaka 19,000 na karibu 6,000 iliyopita. Mkazi wa pale ndiye aliyewaonyesha watafiti. MamaTatu, mmefika?

#44 MamaTatu
Tumepitiliza mpaka Engare Sero ndiyo. Mdogo aliweka mguu wake hewani juu ya unyayo mmoja, bila kuugusa, akasema "huyu ni mkubwa kama baba". Akauliza walikuwa wanakwenda wapi. Kwa hiyo sasa nina maswali mawili ya watu waliokwenda wapi.

#45 Mbongo Hamburg
Watoto waliokota vigae? Mimi utotoni tulirudi na mifuko imejaa kutoka Kaole, Bagamoyo.

#46 MamaTatu
Hapana. Mkubwa aliona kigae cha chungu chenye michoro ya mistari mdomoni, akakichora daftarini pale pale, akapima unene, akaandika kilipokuwa, akakiacha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuondoa vitu hivyo bila kibali, na mwongozaji alilirudia hilo getini. Niliwaambia pia sababu nyingine: kigae kikiondoka mahali pake hakiwezi kusema ni cha nyumba ipi.

#47 Mwana wa Kilwa
Safi sana. Kilwa Kisiwani watoto wa kijiji waliwahi kuwauzia watalii vigae vya Kichina ufukweni. Mkija kwetu lete daftari hilo hilo. Kupiga kambi kunawezekana upande wa Masoko, mnavuka na mashua asubuhi.

#48 Mshana wa Usangi
Swali la vitendo: maji ya kunywa, usalama, upepo?

#49 MamaTatu
@Mshana wa Usangi tulilala kwenye kambi iliyo kijijini, magofu si mahali pa kuweka hema. Maji ya kunywa beba kutoka Mto wa Mbu. Jioni upepo unashuka kutoka ukutani kwa nguvu, vigingi vya kawaida vinang'oka kwa kuwa ardhi ni vumbi jepesi. Tulifunga kamba kwenye mawe makubwa ya kambini, si ya magofuni. Mchana ni joto kali, kwa hiyo magofu ni saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nne, kisha kivulini kuandika. Chukueni mwongozaji wa kijijini, bila yeye mtatembea juu ya mfereji mkidhani ni njia ya mbuzi. Ushuru mbalimbali njiani mpaka Natron ni mwingi, ombeni risiti kila geti.

#50 Kipchoge wa Tambach
Mama, leta hao watoto Kerio. Watasaidia kutengeneza mfereji, huko hakuna mtalii, kuna jembe.

#51 Mtemi wa Digodigo
Waanzie kwetu, ni karibu zaidi. Waandike maswali kwanza. Wazee wa maji hawapendi kuulizwa "mlitoka wapi", wanapenda kuulizwa "maji yanagawanywaje". Mengine watayasema wenyewe jioni.

#52 MamaTatu
@Mtemi wa Digodigo tunakuja, nitakutumia ujumbe. Maswali ya mkubwa hadi sasa: nani anaamua zamu mwaka wa ukame, mfereji mpya unapimwa na nini, na je, kuna mfereji uliowahi kuachwa na kwa nini.

#53 FundiMfereji
Hilo la pili nataka jibu lake kabla ya watoto. Mimi napima kwa mashine na bado nakosea kuliko wale.

#54 Mjukuu wa Mangi
Kwetu wazee walifuata maji yenyewe. Unachimba kidogo, unayaruhusu, yakigoma unarudi unarekebisha. Maji ndiyo kipimo.

#55 Chumvi ya Kahe
Bado nasema chumvi. Mtu apeleke udongo wa pale maabara.

#56 Mgosi wa Kaya
Nina Noah, inafika Engaruka?

#57 Ole Selela
Kiangazi inafika, nenda polepole na tairi mbili za akiba. Machi na Aprili usijaribu, makorongo yale ambayo Fundi anasema ni makavu yatakubeba.